Kile kidude chenye kitone chekundu: miezi 14 ya kufumua nguo zangu mwenyewe

Nianze na aibu. Suruali ya kwanza niliyojaribu kuipunguza niliiua kwa wembe. Ilikuwa nyeusi, ya kitambaa kizuri kisichokunjamana, na uzi wake mweusi vilevile, nami nimekaa kitandani usiku chini ya taa hafifu. Wembe ulipita juu ya mshono, ukapita pembeni ya mshono, ukaendelea na safari zake. Nilipoinua nguo kuelekea kwenye taa, mwanga ulipenya mahali usipotakiwa kupenya, chini kidogo ya kiuno, tundu la urefu wa kidole gumba. Mke wangu akatazama, akatazama tena, akasema, "Sasa hiyo imekuwa ya kupungia upepo," akageukia ukutani akalala.

Nilifikaje hapo? Niliumwa kwa muda mrefu, nikapona, lakini kilo 9 nilizopoteza hazikurudi. Kabati likawa limejaa nguo za mtu mwingine: suruali sita, mashati kama kumi, makoti mawili. Mwanzoni nilitegemea mkanda. Nikautoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, kisha jingine, mpaka ncha yake ikawa inafika ubavuni na kiuno cha suruali kikafanya marinda kama mdomo wa gunia lililofungwa kamba. Wanaonipenda wakanishauri nigawe kila kitu nianze upya. Nilizitoa nguo nikazitazama moja moja. Hakuna iliyochanika, hakuna iliyopauka ya kutia aibu, zipu zote zinapanda na kushuka. Aliyebadilika ni mimi, na sikuona kwa nini nguo ndizo ziadhibiwe.

Cherehani ilikuwepo nyumbani. Ndani ya kisanduku cha vikorokoro vyake, pamoja na bobini, sindano za akiba, bisibisi fupi na kibrashi cha vumbi, kulikuwa na kidude ambacho kwa miaka yote sikuwahi kukigusa. Kina urefu wa penseli iliyochongwa hadi nusu. Mpini ni wa plastiki, na mbele yake kuna chuma kinachogawanyika kama uma wa meno mawili yasiyolingana: jino refu limechongoka, jino fupi lina kitone chekundu nchani. Pale katikati meno yanapoachana, chuma kimenolewa. Hapo ndipo penye makali, na hapaonekani mpaka ukitazame kwa karibu.

Jina lake hubadilika kila ninapouliza. Wengi huonyesha tu kwa kidole: "Nipe hicho cha kufumulia." Basi mimi nakiita kifumulio, na tathmini hii ni yake. Cherehani ina wasifiaji wa kutosha.

Aliyenifundisha kukitumia ni fundi mmoja mzee, ambaye chake amekifunga kwa lastiki akakivaa shingoni kama mwamuzi anavyovaa filimbi. Nilimpelekea ile suruali iliyokufa nijue kama inatibika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kaifanya hivi?"

Nikanyamaza. Akaingiza kidole kwenye tundu, akakichezesha upande wa pili, akacheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, wewe unakimbilia kushona. Nguo mpya ndiyo ya kushona. Hii kwanza uifungue."

Sikumwelewa siku hiyo. Nilikuja kumwelewa nilipoanza kuhesabu muda. Suruali ya kijivu, ya kwanza kuniendea vizuri, ilichukua dakika 50 kufumua, dakika 12 kushona na dakika 20 za pasi. Yaani cherehani yenyewe, ile yenye jina na heshima, ilifanya kazi fupi kuliko zote. Ndiyo maana nashangaa mtu anapotumia siku nzima kuchagua cherehani na hana habari na kifaa atakachokishika kwa saa nyingi zaidi.

Sababu iko kwenye mshono wenyewe. Cherehani ya kawaida ya nyumbani hutumia nyuzi mbili, wa juu unaotoka kwenye sindano na wa chini unaotoka kwenye bobini, na nyuzi hizo hukumbatiana katikati ya kitambaa. Elias Howe alipata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya mashine ya namna hiyo nchini Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer akapata yake mwaka 1851. Uzuri wa mshono huo ndio ubaya wake kwa mfumuaji: ukiukata mahali pamoja, makumbatio ya jirani hayajali, yanaendelea kushika. Kabla yao, Mfaransa Barthélemy Thimonnier alikuwa amepata hataza mwaka 1830 kwa mashine iliyoshona kwa uzi mmoja, mshono wa mnyororo. Huo ukiupatia ncha yake unavuta tu, wote unakuja, kama unavyofungua mfuko wa saruji. (Mafundi waliivamia karakana yake wakavunja mashine wakihofia riziki zao, lakini hilo si kosa la mshono.) Dunia ilichagua mshono usiofumuka. Tunaolipia uamuzi huo ni sisi wenye vifumulio.

Sasa hiyo suruali ya kijivu. Suruali nyingi za kiume za kitambaa hushonwa zikiwa na akiba nyuma. Mshono unaopanda kutoka msambani hadi kiunoni huachiwa kitambaa cha ziada kwa ndani, na mara nyingi hata kiuno chenyewe kimeunganishwa papo hapo, ili mwenye suruali akinenepa au akikonda pafunguliwe mahali pamoja tu. Sikuwa najua. Miaka yote hiyo nimekalia mlango bila kujua ni mlango.

Nilianza na kile kitanzi cha kupitishia mkanda kilicho katikati ya mgongo. Kimeshonwa juu na chini kwa uzi uliorudiwarudiwa mpaka ukawa mgumu kama waya, na jino refu halikupata pa kupita. Mzee akaniambia nigeuze nguo nianze kwa ndani, ambako uzi ni mlegevu kidogo, nikate fundo moja moja. Kitanzi kikaachia. Kisha mshono wenyewe: jino refu linaingia chini ya uzi, unasukuma kidogo tu, kidole kinahisi uzi umeachia. Unaruka mishono minne, unakata wa tano. Unaruka minne, unakata. Upande mmoja tu wa nguo. Ukishafika umbali wa kiganja unageuza, unashika uzi wa upande wa pili, unavuta, nao unatoka mzima, mrefu, una mawimbi madogo madogo kama nywele zilizokuwa zimesukwa zikafumuliwa.

Ndani ya mshono nilikuta vumbi lililojisokota kama pamba, na nilikuta rangi. Kile kitambaa kilichojificha humo kilikuwa kijivu chenye ubuluu kwa mbali, ubuluu ambao nje ulishaondoka kwa jua na sabuni. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ule ubuluu ndio ulionifanya niichukue suruali ile kati ya nyingine.

Nilichora mstari mpya kwa chaki, sentimita 2.5 kila upande pale kiunoni, ukipungua taratibu mpaka kuungana na mshono wa zamani karibu na msamba. Nikapiga bandi, yaani mshono wa muda wa kujaribia, kwa mkono, nikavaa, nikainama, nikakaa, nikachuchumaa mbele ya kioo huku binti yangu akiniuliza, "Baba, unacheza nini?" Ndipo nikashona. Nilitamani kuendelea kupunguza, mzee akanizuia. Ukipita sentimita 5 kwa jumla hapo nyuma, mifuko ya makalioni huanza kusogeleana kana kwamba inataka kunong'onezana, na mishono ya ubavuni inahamia nyuma. Zaidi ya hapo inabidi ufungue pia ubavuni, na ubavuni kuna mifuko, na mifuko ni habari nyingine kabisa.

Nirudi kwenye kitone chekundu, maana watu wengi hukidhani pambo. Mimi nilidhani ni kinga ya watoto. Kazi yake ni kukinga kitambaa. Unapokata uzi mmoja mmoja, jino refu ndilo linaloingia. Ila ukishafungua mwanya wa kutosha, na vitambaa viwili vimetanuka huku na huku, unaweza kukigeuza: kitone kinakaa chini, kinateleza juu ya nguo bila kuichoma, na makali ya katikati yanakata kila uzi unaokuja mbele kama mashua inavyopasua maji. Unamaliza mguu mzima wa suruali kwa pumzi chache. Raha yake huwezi kuieleza kwa asiyewahi.

Lakini raha hiyo ndiyo ilinigharimu shati. Lilikuwa shati jeupe la pamba nyembamba, mshono wa ubavuni, nami nimeshajiona bingwa. Nikageuza, nikasukuma, makali yakakuta kitambaa kilichokunjamana kidogo yakakikata pamoja na uzi. Sentimita 2, karibu na kwapa. Nimeweka kiraka kwa ndani na sinyanyui mkono juu nikilivaa. Tangu siku hiyo njia ya kitone naitumia kwenye kitambaa kinene kisicholegea tu. Vyembamba vyote nakata uzi mmoja mmoja, hata iwe usiku wa manane.

Sasa lawama, na zipo. Kifumulio cha kwanza, hiki kidogo kilichokuja na cherehani, mpini wake ni plastiki laini na mwembamba. Vidole vikitoka jasho kidogo, kinateleza. Kifuniko chake kilianza kulegea wiki ya pili na sasa hakishiki kabisa, kwa hiyo kifaa chenye ncha ya sindano kinatembea uchi ndani ya kisanduku ninamoingiza vidole bila kutazama. Mwezi wa tatu chuma kikaanza kuzunguka ndani ya mpini: wewe unasukuma mbele, ncha inageuka kando. Siku moja iligeuka, ikaruka, ikanichoma pajani. Hilo nalo nina sehemu yangu ya kosa, kwani nilikuwa naivutia ncha kwangu badala ya kuisukumia nje.

Kubwa kuliko yote, kinakuwa butu, na hakuna anayekuonya. Kwa hesabu yangu kilinifaa kama nguo saba hivi. Nyuzi nyingi za siku hizi ni za poliesta, ngumu kuliko kitambaa kinachoshonwa nazo, zinakula makali polepole. Na makali yenyewe yako ndani ya ule mpasuko, jiwe la kunolea halifiki. Dalili yake ni rahisi: ukiona uzi unavutika kwanza ndipo ukatike, kimeshakwisha. Usikionee huruma. Kifumulio butu kinakulazimisha kusukuma kwa nguvu, na nguvu ndiyo inayotoboa nguo. Mimi nilikionea huruma miezi miwili mizima nikidhani kasoro ni mikono yangu.

Cha pili nilichonunua ni kikubwa: mpini mnene wa mpira unaojaa kiganjani, chuma kirefu, na kifuniko kinacholia "ka!" unapokifunga. Tofauti niliisikia siku ya kwanza. Vidole haviumi tena baada ya saa nzima, na chuma hakizunguki. Ila jino lake ni nene. Mashati ya bei ya juu, yale yenye mshono wa karibu karibu, jino halipenyi chini ya uzi bila kuvuta kitambaa. Kwa hiyo sikukitupa kidogo, nilitafuta kingine kidogo kipya, na sasa natumia vyote viwili, kila kimoja na zamu yake. Ukiniuliza nyota, kidogo nakipa tatu, kikubwa nne. Tano sitoi, kwa sababu ya pajani.

Jinzi nitazieleza peke yake, maana ni nguo iliyoshonwa na mtu asiyetaka ifunguliwe kamwe. Mshono wa ndani ya mguu au wa ubavuni umekunjwa mara mbili, kingo zimefungiana, kisha ukapigwa mistari miwili ya uzi mnene. Kiuno hakina kiungo nyuma kama suruali ya kitambaa, ni kipande kimoja kinachozunguka, kwa hiyo kufumua pekee hakutoshi, lazima ukikate. Na zile pini za shaba kwenye mifuko, zile fundi Jacob Davis na Levi Strauss walizipatia hataza Marekani tarehe 20 Mei 1873, ziliwekwa ili mfuko usiachie. Hauachii. Kifumulio hakina la kusema mbele ya shaba. Nimejaribu, nikapinda ncha.

Lakini jinzi hiyohiyo ndiyo iliyonipa jioni tamu kuliko zote. Upande wa ndani wa kiuno nikaona uzi umekaa vitanzi vitanzi, kimoja kimeingia ndani ya kingine. Mshono wa mnyororo! Nikakata sehemu moja, nikachokonoa ncha, nikavuta. Ukakwama. Nikaenda upande wa pili, nikavuta tena, na uzi ukaanza kukimbia, trrrrr, kiuno kizima kikafunguka mkononi mwangu kwa mvuto mmoja. Nilimwita mke wangu aje aone. Alikuja, akaona rundo la uzi wa rangi ya chungwa na suruali isiyo na kiuno, akauliza kama hiyo nayo imekufa. Haikufa. Ninaivaa sasa hivi ninavyoandika. Mshono huo hufumuka kirahisi kutoka upande mmoja tu, ule ulikomalizikia, basi ukikwama usilazimishe, nenda upande wa pili.

Fulana na nguo zote za kuvutika sina mengi ya kuzisemea. Zimepigwa ovaloki, nyuzi tatu au nne zimezunguka ukingo. Unapitisha makali kwenye vile vitanzi vya ukingoni, kisha unavuta uzi wa sindano, vingine vinadondoka vyenyewe kama unyoya. Shida ni kwamba kitambaa chenyewe kimefumwa, ukikata uzi wake mmoja kwa bahati mbaya tundu linaanza kushuka. Nilifanya mbili, nikaacha. Fulana kubwa nalalia.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie mkasi mdogo wenye ncha kali. Mkasi ni mzuri sana mahali pa wazi, na kwenye kitambaa chembamba nakiri ni salama zaidi, maana unaona unachokikata. Haupiti lakini kwenye kona za mifuko na chini ya kola. Wembe hapana. Najua wapo wanaoutumia maisha yote. Mama yangu alifumua kwa wembe, na uzi uliobaki akaumalizia kwa meno, na sikumbuki atoboe hata kitambaa cha mkononi. Mama alikuwa na macho na subira, vitu viwili ambavyo mimi sikurithi.

Kuna vitu vidogo ambavyo kisanduku hakikuniambia. Uzi mweusi kwenye nguo nyeusi huonekana ukisugua chaki nyeupe juu ya mshono, kisha upepete vumbi. Kama ningelijua hilo mapema, ile suruali ya kwanza ingekuwa hai. Vile vipande vya uzi vinavyobaki vimesimama kama ndevu za siku mbili, bandika utepe wa gundi ubandue, vinakuja navyo. Bandi piga kwa uzi wa rangi inayopiga kelele, nyekundu juu ya bluu, ili siku ya kuutoa usiutafute. Na kabla ya kufumua chochote tazama kitambaa ni cha aina gani. Pamba na sufi, matundu ya sindano hujifunga ukipiga pasi ya mvuke na kukwaruza kidogo kwa ukucha. Ngozi haisahau. Satini nayo husahau kwa shida. Ukipunguza nguo, matundu yanaingia ndani na hakuna atakayeyaona. Ukiongeza, yanatoka nje kuwasalimia watu. Pindo likiachiwa nalo huacha mstari, na kitambaa chenye maji na siki kidogo chini ya pasi hunisaidia kuufuta, nikishajaribu kwanza mahali pa siri kama rangi haitoki. Kama mstari ni wa kupauka, hata siki haina la kufanya.

Niseme pia kwamba kifumulio kimenibadilishia jicho la kununulia. Sasa nikishika nguo dukani, kabla sijaangalia kola wala rangi, naipindua nitazame ndani imeachiwa akiba kiasi gani. Nyingi za viwandani zimekatwa hapohapo kwenye mshono na kupigwa ovaloki. Haina hata sentimita moja ya kukopesha. Nguo hiyo unaweza kuipunguza, huwezi kuiongeza. Za zamani zilikatwa na watu waliodhani zitafunguliwa tena. Uingereza, nguo zilipogawiwa kwa kuponi kuanzia tarehe 1 Juni 1941 hadi 1949, serikali yenyewe iliwahimiza watu wafumue na kushona upya walizonazo, suti ya mume igeuke nguo ya mke. Jaribu kufanya hivyo na shati lisilo na akiba.

Koti la baba lilikatwa likiwa na akiba. Ni moja kati ya yale makoti mawili, la sufi ya kahawia, alinipa mwenyewe miaka iliyopita akisema limemkataa. Lilinikaa vizuri kabla ya kuumwa. Baadaye likawa linaning'inia mgongoni kama limetundikwa kwenye mlango. Niliogopa kuligusa mwaka mzima. Mwezi uliopita nikafumua bitana kwa chini, nafasi ya kutosha kuingiza mikono miwili, nikaupata mshono wa katikati ya mgongo. Nikakata minne-kwa-mmoja, kwa kile kidogo kipya, taratibu kuliko nilivyowahi.

Ulipoachia, niliinua vipande viwili kuelekea dirishani. Mshono nilioufumua ulikuwa ukingoni kabisa mwa kitambaa. Karibu sentimita moja kuelekea ndani kulikuwa na mstari wa matundu madogo, wa pili. Na sentimita nyingine zaidi ndani, mstari mwingine, hafifu, na matundu yake mawili matatu yalikuwa bado yameng'ang'ania vipande vya uzi wa rangi tofauti.

Nikampigia simu. "Shikamoo baba. Hili koti lilishawahi kufunguliwa?"

"Marahaba. Mara mbili. Ya kwanza mwaka niliomwoa mama yako." Kimya kidogo. "Ya pili usiulize."

Sikuhitaji chaki. Nilipiga bandi kwenye ule mstari wa ndani kabisa, tundu kwa tundu, nikavaa, likakaa. Mabegani bado ni kubwa kidogo, na mabega sitagusa. Kufungua bega la koti ni kutoa mkono, pedi na bitana pamoja, na mimi na vifumulio vyangu hatujafika huko. Nikashona, nikapiga pasi, nikairudishia bitana kwa mkono, subana kidoleni.

Jumapili nililivaa nikaenda kumsalimia. Alinizungusha mara moja, akapapasa mgongoni ulipo mshono, akaingia chumbani bila kusema neno. Akarudi na suruali nne begani, za kitambaa, zote nzima, za enzi za ujana wake. Anataka ziongezwe. Nimezipindua zote usiku huohuo: tatu zina akiba, ya nne haina, na sijajua nitamwambiaje.